Wino wa mara ya pili

Mteja akiweka katriji mezani pake, fundi huyu wa Kariakoo haulizi ni ya printa gani. Hilo analisoma mwenyewe kwenye lebo. Anauliza: "Iliishiwa lini?" Na kabla mtu hajapata jibu, anaongeza la pili: "Ilipoanza kufifia, mliendelea kuchapa?"

Wengi huduwaa, maana wamekuja kujaziwa wino, siyo kuhojiwa. Kijana mmoja alisema ya kwao ilikaa kwenye droo tangu shule zifungwe, na kabla ya hapo walikuwa wakiichomoa, wakiitikisa na kuirudisha ili itoe kurasa chache za mwisho. Fundi akashusha pumzi. "Hizo kurasa za mwisho, baba, ndizo zilizoiua."

Kauli hiyo ilining'ang'ania. Nilikuwa nimefika kwake kwa jambo moja: kujua kama ni busara kununua katriji iliyotengenezwa upya kwa ajili ya printa ya nyumbani. Kila mwenye mashine hizi ndogo anaijua hesabu yake. Printa yenyewe ni rahisi, lakini ukija kununua katriji mpya mbili, nyeusi na ya rangi, unakaribia bei ya kununua printa nyingine. Nilidhani tutazungumza bei na ubora wa wino. Mama huyu, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, alinivutia kiti na kusema wino ndio jambo dogo kuliko yote.

Alichukua tishu, akaikunja mara nne, akailowesha kidogo kwa maji ya uvuguvugu na kuiweka juu ya kipande cha kigae. Akaishika ile katriji ya kijana, ya rangi, akaisimamisha juu ya tishu, uso wa vitundu ukiwa chini, akaibana taratibu, akasubiri, akainyanyua. Ilibaki mistari mitatu iliyolala sambamba: buluu, waridi iliyokoza, manjano. Akasogeza katriji sehemu kavu ya tishu, akarudia. Mstari wa manjano ulikuwa umekatika katikati. Akaiinamisha katriji kwenye kisahani cha maji ya moto yaliyofika kwenye vitundu tu, akaipangusa, akaibana tena. Safari hii manjano ilitoka nzima, kutoka ncha hadi ncha.

Mimi niliona kazi imekwisha. Yeye aliitazama ile tishu kama hakimu asiyeamini shahidi wa kwanza. "Tishu inaniambia wino unapita," alisema. "Haiwezi kuniambia kama kitundu kinarusha."

Akaijaza kwa sindano, rangi moja baada ya nyingine, taratibu mno, kwa sababu sponji iliyomo ndani ikijazwa haraka hubaki na mapovu ya hewa. Kisha akaipachika kwenye printa yake ya majaribio, mashine kuukuu isiyo na kifuniko, akachapa ukurasa. Buluu ilitoka safi. Manjano safi. Lile pande la waridi lilikuwa na michirizi myeupe, myembamba kama nyuzi. Akasafisha, akachapa tena. Michirizi ilirudi mahali palepale. Akausafisha uso kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akachapa mara ya tatu, akaziweka karatasi zote tatu moja juu ya nyingine dhidi ya mwanga wa mlango. Mapengo yalilingana.

"Vimeungua," alisema. Akampa kijana katriji yake na kukataa pesa.

Vimeungua vipi, katika kitu kilichojaa maji? Ndipo aliponieleza jambo ambalo nadhani kila mnunuzi anastahili kuelezwa dukani. Katika printa nyingi ndogo za HP na Canon, wino hausukumwi kwa pampu. Nyuma ya kila kitundu kuna kipande kidogo mno cha kupashia joto. Umeme ukipita, uso wake unavuka nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Wino ulioigusa sehemu hiyo unachemka, povu linazaliwa, na povu hilo linarusha tone. Tendo hilo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Wino unaoingia kushika nafasi ya uliotoka ndio unaopooza kile kipande. Wino ukikatika na amri ya kuchapa ikaendelea, kinapata moto bila kitu cha kukipoza. "Ni sufuria kavu jikoni," alisema mama.

Chimbuko la teknolojia hiyo lina uhusiano na meza yake. Mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, mtafiti Ichiro Endo na wenzake waliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa kwa bahati sindano yenye wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. HP nao walifika hapohapo kwa njia yao, wakaingiza sokoni ThinkJet mwaka 1984. Sindano na chuma cha kulehemu: vyote viwili vilikuwa mbele yangu, kimoja cha kujazia wino, kingine cha kutobolea katriji za tona.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayetaka kununua iliyotengenezwa upya, kwa maelezo ya fundi, ni hili: kichwa cha kuchapia kiko wapi? Katika katriji kama HP 123 au 652, zinazotumika sana kwenye DeskJet za nyumbani, kichwa kimo ndani ya katriji. Ukinunua iliyojazwa upya umenunua kichwa kilichokwisha kufanya kazi nyumbani kwa mtu mwingine, pamoja na yote aliyokifanyia. Katika printa za Epson mambo ni tofauti. Kichwa kiko ndani ya mashine, hakitumii joto, na katriji ni chombo cha wino chenye chipu. Hapo hununui kichwa kilichochoka, ila wino mbaya ukiziba, umeziba kitu ambacho hakibadilishwi kwa kuchomoa na kupachika. Hasara imehama kutoka kwenye katriji na kuingia kwenye printa.

Sijui kwa nini maboksi hayasemi hivi. Yanasema idadi ya kurasa. HP 123 ya kawaida inakadiriwa kutoa kurasa 120 za nyeusi na 100 za rangi, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO ambacho kila mtengenezaji anaweza kukitumia. Katriji iliyotengenezwa upya inaweza kutoa kurasa hizohizo, hata zaidi, maana mjazaji mara nyingine huweka wino mwingi kuliko wa mwanzo. Lakini hakuna mahali panapoandikwa kwamba ilikauka siku ngapi kabla ya kujazwa, au imejazwa mara ngapi.

Kiwanda makini, alieleza, hupokea katriji tupu, huipima umeme kwanza ili kujua vitundu vilivyokufa, huitoa wino wa zamani kwenye sponji kwa kuizungusha kwa kasi, huisafisha, huijaza pakiwa hakuna hewa, huchapa jaribio, kisha hufunga vitundu kwa utepe. Nyingi hutupwa kwenye hatua ile ya kwanza. Mtu wa pembeni mwenye sindano na chupa huenda moja kwa moja kwenye kujaza. Zote mbili hufika rafuni zikiitwa jina moja.

Yeye mwenyewe yuko katikati, na anakubali. Hana mashine ya kupima umeme. Ana tishu, karatasi ya majaribio, na maswali yake.

Nilimuuliza kuhusu ule ujumbe unaowatisha wengi, printa inaposema katriji imetumika au ni bandia. Akasema ujumbe ni wa aina mbili. Ukisema imetumika, bonyeza kukubali, uendelee. Kipimo cha wino hakitasoma, lakini kazi itatoka. Ukisema haikubaliki, umegonga ukuta wa chipu. Septemba 2016 ukuta huo ulisimama ghafla duniani: printa za HP zilizokuwa zikifanya kazi na katriji za watu wengine zilianza kuzikataa. Kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyowaarifu wateja, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa waliotaka, lakini haikuacha utaratibu wenyewe. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10, ikisema wanunuzi hawakuelezwa wazi juu ya vizuizi hivyo.

Upande wa haki, kesi kubwa iliamuliwa Mei 2017 katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Lexmark waliwashitaki Impression Products, kampuni ndogo ya West Virginia iliyokuwa ikiuza katriji za Lexmark zilizojazwa upya. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba hataza ya kampuni juu ya katriji inakoma pale inapoiuza, hata kama iliiuza kwa sharti kwamba isijazwe tena. Mnunuzi ndiye mwenye mali. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, lakini naiona ya haki. Tatizo ni kwamba chipu haisomi hukumu.

Ndiyo maana mama huwaambia wateja wasisasishe programu ya printa kabla ya kumuuliza. Ushauri huo unanitia wasiwasi, kwa sababu masasisho hayohayo huziba mianya ya usalama kwa mashine iliyounganishwa na intaneti. Nilipomwambia, alikubali bila ubishi. "Ni kweli. Lakini wameviweka kwenye mfuko mmoja, mwanangu. Mteja wangu atachaguaje?"

Basi yeye angenunua? Nyeusi, ndiyo, kwa kazi za shule, barua na mitihani ya tuisheni, mradi muuzaji aijaribu mbele yake kwenye printa na akubali kuirudisha ikigoma. Ya rangi, hapana, labda awe anaijua ilikotoka: vyumba vitatu katika katriji moja, na kimoja kikifa vyote vimekufa. Picha za kumbukumbu, kadi na vyeti vya kukaa miaka, akasema, tafuta wino wa mwenye mashine. Akalowesha kidole na kukipitisha juu ya karatasi mbili. Kwenye moja maandishi yalibaki, kwenye nyingine yakawa moshi. Wino mweusi wa awali mara nyingi huwa wa chembe na hustahimili maji. Wajazaji wengine hutia wa rangi iliyoyeyuka kwa sababu ni rahisi, na masika yetu hayana huruma na karatasi.

Anayechapa kila siku, yeye humfukuza kabisa kwenye biashara ya katriji. Anunue printa ya tangi. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, nchi ambako mafundi walikuwa wameshazoea kutoboa printa na kuzipitishia mirija ya wino kutoka kwenye chupa. Leo chupa moja nyeusi ya Epson 103, mililita 65, inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. "Mafundi ndio waliowaonyesha njia," alisema, na sikuona sababu ya kumpinga.

Kuna jambo moja nililiuliza likabaki wazi. Katriji tupu zilizo nzima, ambazo hazijawahi kujazwa, yeye huziuza. Kuna mnunuzi anayepita, anazichagua kwa makini, na huongeza bei kama boksi la mwanzo lipo na halijachanika. Anayejaza katriji kwa uaminifu na kuiuza kama iliyojazwa, boksi la wenyewe ni la nini kwake? Kazi ya kukamata bidhaa bandia ni ya Tume ya Ushindani, lakini njia ya kuelekea huko inaanzia kwenye meza kama hii na kwenye mapipa ya taka ya ofisi.

"Tupu namuuzia," alisema. "Maboksi nayakata kwa mkasi." Nikamuuliza kama anajua katriji zenyewe zinaenda wapi. Akasema hapana, na kwamba mwaka mzima hajawahi kumuuliza yule mtu, kwa sababu pesa za tupu ndizo zinazolipa pango la fremu.