Tuujue Uchovu wa Misuli Kabla ya Kuacha Mazoezi

Mama aliyetimiza miaka 50 anashauriwa na daktari aanze mazoezi ya nguvu kwa ajili ya sukari yake. Mabinti zake wanafunga mlango wa ua na kutandika mkeka, kisha wote pamoja wanachuchumaa na kuinuka, wanainua mitungi midogo ya maji, wanapanda ngazi na kushuka. Usiku ule analala akiwa mwepesi wa mwili na wa moyo. Kesho yake mapaja yamekakamaa. Kesho kutwa hashuki ngazi ila kwa kuushika ukuta, na katika swala ya Alfajiri kuinuka kutoka kwenye sijida kumekuwa mtihani. Jamaa wanasema, "Umri umekwenda, mwacheni apumzike." Naye anaacha, wala harudi tena.

Kisa cha namna hii kinajirudia katika nyumba nyingi za pwani yetu, nacho kinasikitisha, kwa sababu maumivu yale hayakuwa dalili ya uzee wala ya maradhi. Yalikuwa kazi ya kawaida ya mwili, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Laiti mama yule angeelezwa mapema, angengoja siku chache na kuendelea.

Kwa nini mazoezi haya yasiachwe

Tangu miaka ya 30 na 40 misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huenda kwa kasi zaidi. Hatuuoni mpaka siku tunaposhindwa kuinuka mkekani bila ya kushikwa mkono, au tunapojikwaa tukakosa nguvu za kujizuia tusianguke. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na waliofikia miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi. Kutembea kwenda sokoni ni jambo jema, lakini peke yake hakutoshi. Kazi za nyumbani nazo husaidia, ila msuli uliozoea mzigo uleule kila siku hauna sababu ya kuongeza nguvu.

Kuinua, kushikilia na kuteremsha

Uchovu wa misuli si wa namna moja. Tuchukue mtungi wa maji wa lita 5, ambao uzito wake ni takriban kilo 5, tuone mkono unavyoweza kuutumikia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuuinua. Hapa msuli hujikunja na kuwa mfupi. Mtu akiinua kitu kizito mara chache, akiba ya nguvu za haraka iliyomo ndani ya msuli hupungua upesi, lakini akipumzika dakika 2 au 3 sehemu kubwa ya akiba hiyo hurejea. Akiinua kitu chepesi mara nyingi mpaka ashindwe, msuli huwaka moto kwa taka za kazi zinazojikusanya ndani yake. Watu wengi huilaumu asidi ya laktiki kwa maumivu ya kesho yake. Lawama hiyo haina msingi, kwa kuwa ile inayoongezeka wakati wa mazoezi huondoka mwilini katika muda wa saa moja hivi.

Njia ya pili ni kuushikilia mtungi bila kusogea. Msuli uliokaza hubana mishipa yake wenyewe, damu ikapita kwa shida, na mkono ukaanza kutetemeka. Ukiuachia tu, damu hurudi na nafuu huja haraka. Wataalamu wamekuta pia kwamba katika kazi ya kushikilia mzigo unaolingana na nguvu za kila mtu, wanawake kwa kawaida hustahimili muda mrefu kuliko wanaume. Hata hivyo, kushikilia kwa nguvu hupandisha shinikizo la damu, hasa mtu akizuia pumzi. Mwenye maradhi ya presha amuulize daktari wake kwanza, na sote tuvute pumzi na kuitoa bila ya kuikata.

Njia ya tatu ni kuuteremsha mtungi polepole. Hapa msuli hufanya kazi huku ukirefuka, kama mtu anayeilegeza kamba taratibu ili mzigo usidondoke. Jambo la ajabu ni kwamba kazi hii haichoshi pumzi kama kuinua. Ni nyuzi chache za msuli zinazoitwa kazini, na kila mmoja hubeba mzigo mkubwa zaidi, hivyo baadhi yake hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Kushuka ngazi, kuketi taratibu na kuchuchumaa vyote vimo katika mlango huu. Mtu hujiona mzima siku ile, maumivu yakaanza baadaye, yakafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yakaisha ndani ya wiki moja. Nguvu nazo hupungua kwa siku kadhaa kabla ya kurejea.

Mama wa kisa chetu, basi, aliumizwa zaidi na kushuka kuliko kupanda.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1891 mtaalamu wa Italia, Angelo Mosso, alichapisha kitabu kizima kuhusu uchovu. Alikuwa ameunda chombo cha kupima jinsi kidole kinavyochoka kwa kuvuta uzito, na akaonyesha kwamba mtu aliyetoka kwenye kazi nzito ya akili kidole chake huchoka mapema. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alitofautisha uchovu wa papo hapo na maumivu yanayochelewa, akayahusisha haya ya pili na kuchanika kwa nyuzi za msuli.

Namna ya kuanza

Siri kubwa ni kuanza na kidogo. Msuli uliowahi kuteremsha mzigo mara moja hujifunza, na mara ya pili hauumii kama ya kwanza, hata zikipita wiki kadhaa kati yake. Kwa hiyo wiki ya kwanza mama aketi kitini na kuinuka mara 8 tu, apumzike dakika 2, arudie mara moja. Ainue chupa ya maji ya nusu lita kabla ya mtungi wa lita 5. Wiki zinazofuata aongeze kidogo kidogo, na kati ya siku mbili za mazoezi apitishe siku moja au mbili za mapumziko.

Maumivu yakija, asilale kitandani. Atembee polepole, anyooshe viungo, alale usiku wa kutosha, na chakula chake kisikose samaki, mayai, kunde au maharagwe, kwani ndivyo vinavyojenga upya kilichochubuka.

Yupo pia anayechoka kila siku, hata asipofanya mazoezi, akawa na kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Huyo asiulaumu msuli. Huenda ana upungufu wa damu, hasa ikiwa hedhi yake ni nzito, na kipimo cha damu ndicho kitakachosema.

Hatari ambayo haifai kungoja

Kuna maumivu yasiyovumiliwa nyumbani. Msuli ukivimba sana, maumivu yakizidi kipimo, viungo vikalegea na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nyuzi nyingi za msuli zimevunjika na taka zake zinaweza kuharibu figo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua, kichomi cha ghafla ndani ya kiungo, au mguu mmoja kuvimba peke yake navyo si uchovu wa mazoezi, bali vinahitaji daktari bila kuchelewa.

Umri si kizuizi

Kwa wanaosema umri umekwenda, tunawakumbusha utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kutoka mjini Boston, Marekani. Wazee 10 dhaifu, wenye miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, walianzishiwa mazoezi ya uzito ya miguu chini ya uangalizi. Tisa kati yao walifikisha wiki 8, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya zile za mwanzo.

Tuwaache basi mama zetu wapumzike siku mbili tatu, kwani msuli una haki ya mapumziko. Lakini siku ya nne tuutandike mkeka tena, na safari hii tuchuchumae pamoja nao.