Mvi Si Ushahidi wa Uchawi

Katika Kaunti ya Kilifi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wasomaji walio mbali na Pwani huenda wakadhani kwamba shina la mambo haya ni imani ya kale tu. Sivyo. Mara nyingi shina lake ni shamba. Mzee akiwapo, ardhi ya jamaa haiuzwi bila ridhaa yake; basi kijana akifa ghafula hutafutwa wa kulaumiwa, na jina la mzee hutajwa. Mvi zake na macho yake mekundu (ambayo moshi wa kuni watosha kuyafanya hivyo) huhesabiwa kuwa ushahidi. Wengine wameokoka kwa kukimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wakaishi mbali na wajukuu wao.

Yafaa ijulikane kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 haiwahusu wachawi peke yao. Kumwita mtu mchawi, au kumtisha kwa neno hilo, ni kosa pia. Mwenye shaka na alipeleke shauri lake kwa chifu au polisi, si kwa vijana wa kijiji. Tena Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chawapa waliotimiza miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima pasipo kuteswa, na ya kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali.

Maneno haya huanza kwa minong'ono matangani. Jirani ayasikiaye asingoje usiku uingie. Ampashe chifu habari mchana ule ule.