Tingatinga: Jina la Mtu, Jina la Mtindo

Mgeni apitaye Karatu kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro hukuta kando ya barabara maduka ya vinyago na picha. Picha zenye tembo, chui na ndege wa rangi kali huitwa humo kwa neno moja: tingatinga. Makala haya yanakusudia kueleza mwendo wa neno hilo, kwani umebeba pia suala la haki ya msanii.

Asili yake ni jina la pekee. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba. Wanyama wake, basi, hawakutoka Ngorongoro. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake, baadhi yao wakiwa jamaa zake, waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika wao, wenye makao Oysterbay. Huko wachoraji wenyewe ndio wenye nyumba: huchora, hutundika na kuuza. Jina ni la mwalimu, nao ni warithi.

Katika kirai "picha za Tingatinga", kiunganishi cha -a chaweza kusomwa kwa namna mbili: umilikaji, yaani zilizochorwa na Tingatinga, au aina, kama katika "picha za rangi". Mwandishi hutenganisha maana hizo kwa herufi kubwa. Msemaji hana nyenzo hiyo. Aidha, neno "picha" likidondoshwa, upatanisho wake hubaki: "tingatinga hii", "tingatinga hizi". Kwa upande mwingine, tingatinga lenye maana ya trekta hufuata ngeli ya li-ya: "tingatinga hili", "matingatinga haya". Karatu ni nchi ya wakulima, hivyo maneno yote mawili yanaishi mji mmoja, na yatenganishwayo na upatanisho tu (mwalimu wa sarufi hapati mfano bora zaidi).

Lakini aina haina saini. Neno "sanaa", lenye asili ya Kiarabu na maana ya kazi ya ufundi, limezaa "msanii". Kazi na mtendaji huenda pamoja. "Tingatinga" ya dukani humtaja mtendaji mmoja tu, naye ni marehemu, hata pale kijana aliyechora ameandika jina lake pembeni mwa kibao. Mnunuzi akiuliza Oysterbay ni nani aliyechora, aweza kuonyeshwa mtu. Akiuliza Karatu, jibu laweza kuwa: "Hiyo ni tingatinga."