Hesabu Yenye Mwenyewe: Jinsi Hataza Zilivyochagua Usimbaji Fiche Tunaoutumia

Mara ya kwanza kukompaili OpenSSL kwenye laptop yangu nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. OpenSSL ni maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingine zinauazima badala ya kuandika kila kitu upya. Kazi yake ni usimbaji fiche: kugeuza taarifa iwe fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake ndiye anaweza kulifumbua. Kabla kazi haijaanza, ilinitolea orodha ya vitu vilivyozimwa. Kimojawapo ni algoriti inayoitwa RC5. Nikafungua folda kuangalia, msimbo wa RC5 upo mzima kabisa. Sasa mbona umezimwa?

Nikadhani labda wadukuzi walishaivunja. Kumbe wala. Tatizo halikuwa la hesabu, lilikuwa la kisheria: RC5 ilikuwa na hataza.

Hataza si hakimiliki

Hapa ndipo wengi tunapochanganya, kwa hiyo twende taratibu. Chukua mfano wa mapishi. Mtu akiandika kitabu cha kupika maandazi, hakimiliki inalinda maneno yake. Huruhusiwi kutoa nakala za kitabu chake na kuziuza, lakini ukiingia jikoni na kuandika maelezo yako mwenyewe, hakuna wa kukugusa. Hataza, au patenti kama tunavyozoea kusema, inalinda njia yenyewe ya kupika. Ukiifuata njia ile bila ruhusa umekosea, hata kama hujawahi kukiona kitabu cha mwenzako na kila neno umeliandika wewe.

Kwenye programu maana yake ni hii: unaweza kuandika msimbo wako kuanzia mstari wa kwanza, ukautoa bure kwa leseni ya programu huria, na bado ukashtakiwa kwa sababu algoriti iliyo ndani ina mwenyewe.

Kuna habari njema mbili. Hataza ina mwisho, kwa kawaida miaka 20 tangu kuombwa. Pia ina mipaka ya nchi: hataza ya Marekani haina nguvu mahali ambapo haijasajiliwa. Hiyo mipaka ndiyo iliyozaa kisa kinachofuata.

RSA: nchi moja imefungwa, dunia iko wazi

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walibuni RSA, njia ya kusimba kwa funguo mbili: mmoja wa wazi unaompa kila mtu, mwingine wa siri unaobaki nao. Maelezo yake yalichapishwa kwenye jarida la Scientific American mwezi Agosti mwaka huo, na ombi la hataza likapelekwa Desemba. Sheria ya Marekani iliwaruhusu kuomba hata baada ya kuchapisha. Nchi nyingine nyingi haziruhusu. Ukishaitangaza hadharani, imekwenda. Basi hataza ya RSA, iliyotolewa mwaka 1983, ikabaki ya Marekani tu.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Katika miaka ya 1990 mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam hakufungwa na hataza hiyo, lakini mwenzake aliyekaa mita chache kutoka ofisi za wavumbuzi wenyewe alihitaji leseni. Kwa matumizi yasiyo ya biashara, Mmarekani alipewa maktaba maalumu iitwayo RSAREF, iliyotolewa na kampuni yenye haki za RSA. Hivyo programu kama SSH, inayotumika kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, ilikuwa na namna mbili za kujengwa: kwa kutumia hesabu zake za ndani, au kwa kuunganishwa na RSAREF ili kuiridhisha sheria ya Marekani.

Desemba 1999 ikagundulika kwamba RSAREF ina kasoro. Ikiunganishwa na matoleo fulani ya SSH, mshambuliaji aliye mbali aliweza kuendesha msimbo wake mwenyewe kwenye kompyuta yako. Waliojenga SSH ileile bila RSAREF hawakuwa kwenye hatari hiyo. Fikiria hapo: aliyefuata sheria ndiye aliyeacha mlango wazi, na hakuwa na uhuru wa kuchagua maktaba nyingine.

Hataza ilikuwa iishe tarehe 20 Septemba 2000. Kampuni iliiachia wiki mbili kabla, tarehe 6. Mwezi huohuo GnuPG, programu huria ya kusimba barua pepe na mafaili, ikaongeza RSA.

Kukwepa, kukata, kusubiri

GnuPG yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi waandishi wa programu walivyojifunza kukwepa. Ilibuniwa na Werner Koch ili ishike nafasi ya PGP, lakini PGP ya zamani ilitegemea algoriti mbili zenye hataza: RSA na IDEA. Toleo la kwanza kamili la GnuPG, mwaka 1999, liliziacha zote mbili na kutumia algoriti zisizo na kizuizi. Gharama yake ilimwangukia mtumiaji wa kawaida. Ukitumiwa ujumbe uliofungwa kwa IDEA, GnuPG kama ilivyotolewa haikuweza kuufungua hata kama ufunguo unao na neno la siri unalikumbuka. Hataza za IDEA ziliisha kati ya 2011 na 2012, na ni baada ya hapo tu IDEA ikaingizwa rasmi.

Wengine hawakukwepa, walikata. Fedora, mfumo wa Linux unaofadhiliwa na Red Hat, kwa miaka mingi ulikuwa ukiondoa sehemu kadhaa za OpenSSL kabla ya kuisambaza. Iliyouma zaidi ni usimbaji wa mikunjo ya duaradufu. Faida ya mikunjo hii ni ufunguo mdogo: biti 256 zinakupa ulinzi unaolingana na RSA ya biti 3072, kwa hiyo kazi inakuwa nyepesi hata kwenye simu. Wazo lenyewe la mwaka 1985 halikuwekewa hataza, ila mbinu nyingi za kulitekeleza ziliwekewa, hasa na kampuni ya Certicom ya Kanada. Mwaka 2003 shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lililipa dola milioni 25 kupata leseni ya hataza 26 za Certicom. Kama NSA imeona bora ilipe, kundi la watu wanaotoa programu bure litabishana na nani mahakamani? Mikunjo hiyo ikarudishwa Fedora mwishoni mwa 2013. Kabla ya hapo, mwenye seva aliyetegemea maktaba iliyokuja na mfumo alikosa ulinzi ambao wenzake walikuwa nao.

Bora si lazima ishinde

Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipoitisha shindano la algoriti mpya, iliweka sharti: itakayoshinda itumike duniani kote bila malipo. Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen wakashinda kwa Rijndael, ambayo leo tunaiita AES. Ipo kwenye simu yako, kwenye WiFi ya nyumbani, na ndani ya prosesa zenyewe.

Linganisha na OCB, namna ya kutumia AES inayosimba na kuhakiki ujumbe kwa mkupuo mmoja. Ilibuniwa na Phillip Rogaway, ina kasi, na watafiti wanaisifu. Lakini iliwekewa hataza. Watu wakabuni njia mbadala, CCM na GCM, ili tu wasiiguse. Rogaway aliziachia hataza zake mwaka 2021, ila gari lilishaondoka: GCM ndiyo iliyotapakaa kwenye tovuti.

Na usidhani mambo haya yameisha. Mwaka 2022 NIST ilichagua Kyber, algoriti ya kuhimili kompyuta za kwanta. Kabla ya kuifanya kiwango rasmi mwaka 2024, ilibidi kwanza iingie makubaliano ya leseni na wenye hataza zinazokaribiana nayo.

Wewe ufanye nini?

Kama unaandika programu, jiulize maswali matatu. Kwanza, leseni ya maktaba inasemaje kuhusu hataza? Apache 2.0, ambayo OpenSSL inaitumia tangu toleo la 3.0, inakupa ruhusa ya hataza za wale waliochangia msimbo. MIT haizitaji. Hakuna kati ya hizo inayoweza kukupa ruhusa ya hataza ya mtu wa nje. Pili, algoriti yenyewe ina hataza, na katika nchi zipi? Tatu, programu yako itasambazwa wapi? Kuwa Dar hakukusaidii ikiwa wateja wako wako California.

Nami nikarudi kwenye RC5. Hataza zake ziliisha mwaka 2015, hakuna tena wa kumdai mtu. Lakini bado imezimwa. Miaka yote ile watu walishazoea kuishi bila yake, na sasa hakuna mwenye sababu ya kuiwasha.