Rupia ya Bibi: Usiisugue, Usiiuze Haraka

Je, katika sanduku la bibi yako hakuna sarafu kuukuu iliyofungwa kwenye kipande cha kanga? Hapa Chiwata zipo. Mama yetu alituachia mbili, rupia za Mjerumani. Moja tuliisugua kwa jivu hadi ikameremeta. Tukafurahi, kumbe tumeiharibu!

Siku moja alipita mnunuzi, akatutajia bei ya kilo mbili za sukari kwa zote mbili. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, nasi tulibaki kidogo tumpe. Tukamwomba asubiri, tukaenda kwa sonara mjini azipime. Madini ya fedha peke yake yalizidi bei ile mara kadhaa.

Rupia hizo zilitengenezwa kati ya mwaka 1890 na 1914. Upande mmoja kuna Kaisari Wilhelm II amevaa kofia yenye tai. Kila moja ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni fedha. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilihesabiwa kwa rupia. Ndiyo maana wazee wetu walizitolea jasho na kuzificha. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1921 hadi 1946, ina robo tu ya fedha. Za tangu 1948 hazina kabisa.

Akina mama wenzetu, tukumbuke haya:

1. Usisugue kwa jivu, mchanga wala dawa ya meno. Wakusanyaji hulipa zaidi sarafu isiyoguswa. Hata Marekani, wanaotunza dola za zamani za fedha hufuata kanuni hiyo.

2. Soma mwaka. Miaka mingine zilitengenezwa chache, nazo ni ghali.

3. Pima uzito, kisha jaribu sumaku. Fedha hainaswi, ikinasa, ni bandia.

4. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hushuka bei.

5. Usimlipe mtu anayedai rupia ina nguvu za ajabu. Huyo ni tapeli.

Ada tulilipa baada ya kuuza korosho. Rupia ambayo hatukuisugua ingali katika kanga yake, na watoto wanajua ni ya nani. Yule mama wa Luka 15 aliyepotewa na sarafu moja aliwasha taa kwanza. Nasi tuwashe taa kabla ya kuuza.