Kilio Kisichofanyika

Mama aliyekimbia vita vya Masisi mwaka 1993 akaacha maiti ya mtoto njiani, bila kaburi, bila kilio, hajamaliza msiba wake. Kambi za kuzunguka Goma zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zilihama tena na misiba ya namna hii. Utamwona anapika, hata anacheka. Usiku halali, kichwa kinamuuma, na muuguzi haoni ugonjwa. Sisi twasema, "Amezoea." Hapana! Hakuna aliyemwuliza.

Wewe mkubwa wa kijiji, unapoandika majina ya watakaopewa unga, uliza pia: mlipoteza nani? Andika jina la marehemu. (Mimi nilisoma sheria, fomu zetu hazina nafasi hiyo.) Kisha waite majirani mkae kilio, ingawa miaka imepita. Asipotaka kusema, mwache, urudi juma lijalo.