Moyo wa Mtoto, Habari ya Ukoo Mzima

Ndugu wasikilizaji, juma hili tumzungumzie mtoto anayezimia. Hazimii akiwa amekaa na njaa juani. Huanguka katikati ya mbio, au akiwa majini, au anaposhtuliwa na honi au kengele. Baada ya muda mfupi huzinduka kama kwamba hakuna lililotokea. Nyumbani wapo wasemao ni kifafa, na wapo wasemao ni mashetani.

Mara nyingine si hiki wala hicho, ni moyo. Moyo huendeshwa na umeme mdogo wa mwili wenyewe, na baada ya kila pigo umeme huo hauna budi kujipanga upya. Kwa watoto wengine kujipanga huko huchelewa. Madaktari huiita hali hiyo QT ndefu, kwa herufi zinazoonyesha kipindi hicho kwenye karatasi ya ECG. Mtoto akikimbia au akishtuka, mapigo huweza kuvurugika, damu isifike kichwani, akaanguka. Mara nyingi mapigo hutengemaa yenyewe. Yasipotengemaa, mtoto hufa.

Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliandika habari za familia moja ya Norway. Kati ya watoto 6, wanne walikuwa viziwi na wakizimia. Watatu wao walikufa ghafla. Aina hiyo yenye uziwi ni adimu, na hutoka kwa wazazi wote wawili. Aina iliyoenea zaidi yatosha itoke kwa mzazi mmoja, na kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mzazi mwenyewe huenda hajapata kuzimia maishani.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Baba husema kwao hakuna ugonjwa huo. Mama naye hulaumiwa. Wakati wanabishana, mdogo wake mgonjwa yuko uwanjani anacheza mpira, hajapimwa. Kurithisha si kosa la mtu. Mmoja akigunduliwa, wazazi na ndugu zake wote wapimwe. ECG haiumi na huchukua dakika chache. Lakini kwa wengine haionyeshi kitu mara ya kwanza, hivyo daktari wa moyo ndiye aamue. Aelezwe pia vifo vya ghafla vya vijana katika ukoo, hata yule aliyezama ilhali alijua kuogelea.

Dawa kama propranololi hupunguza sana hatari. Humezwa kila siku, wala isikatizwe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Zipo dawa nyingine zinazoweza kuizidisha hali hii, zikiwamo kwinini, erithromaisini na hata dawa mseto ya malaria. Malaria itibiwe upesi, ila mganga aambiwe kwanza habari za moyo. Tusikimbilie duka la dawa.

Walimu nao waambiwe. Mtoto huyu asilazimishwe mchakamchaka, wala asiogelee bila ruhusa ya daktari na mtu wa kumwangalia. Akianguka asipumue, abonyezwe kifua papo hapo huku msaada ukiitwa. Lakini asifungiwe ndani kama yai. Daktari atasema michezo ipi inamfaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika maradhi haya mzazi ndiye anayeficha, na mtoto ndiye anayekufa. Hadi juma lijalo, kwaherini.